Kituo cha anga kinachopita juu ya Uyole: kwa nini hakianguki, na siku kikianguka itakuwaje

"Shikamoo mwalimu. Tunaishi Uyole, Mbeya. Tangu mvua zikatike, kijana wangu wa kidato cha pili anatutoa nje jioni kutuonyesha nyota inayokatiza angani bila kupepesa. Anasema ni nyumba ya wanaanga na ndani mna watu. Bibi yake hataki kabisa wajukuu wakae nje inapopita. Anasema kama kimondo cha Mbozi kilianguka, na chuma hiki nacho kitaanguka, tena tulisikia redioni kwamba kule Kenya kipande cha roketi kilidondoka kijijini. Jirani yetu ni fundi magari, yeye anasema ni uongo mtupu: chuma cha tani mia nne hakiwezi kukaa juu bila injini kunguruma, na wale watu wanaoonekana wakielea ni sinema. Kijana anabisha kwamba wanaelea kwa sababu huko hakuna mvutano. Sijui nimsikilize nani. Watu wapo kweli? Kitu gani kinazuia kisianguke? Kikianguka, sisi wa huku tutapona? Halafu kijana anasema anataka kuwa mwanaanga. Nimwache au nimwelekeze kwenye jambo la maana?"

Marahaba, mama, na Bibi mpe shikamoo yangu. Nianze na lile linalowasumbua zaidi: wacha wajukuu waendelee kutoka nje. Wanachokiona jioni hakiwezi kuwaangukia wakati kinapita, na nitakueleza sababu yake taratibu ili nawe uweze kumweleza Bibi kwa maneno yako. Na watu wamo ndani yake kweli. Kinaitwa Kituo cha Anga cha Kimataifa, na tangu tarehe 2 Novemba 2000 hakijawahi kubaki kitupu. Kijana wako tangu azaliwe haijapita hata siku moja ambayo binadamu wote walikuwa hapa duniani.

Nikitazama mabishano yenu, naona kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Bibi anasema chuma kile kitaanguka. Mimi naongeza kwamba kinaanguka sasa hivi, unaposoma hapa. Fundi anasema kitu kizito hakikai juu hivihivi tu, na yuko sahihi. Kijana yuko sahihi kuhusu watu, lakini hoja yake kwamba huko hakuna mvutano si kweli, na ndiyo inayozaa utata wote. Kwa hiyo tuanze nayo.

Kituo kile kiko juu yetu kwa takriban kilomita 400. Huo ni umbali unaozidi kidogo tu barabara ya kutoka Iringa hadi Mbeya, ila umesimamishwa wima. Mvutano wa dunia unaufikia hata Mwezi, ulio mbali karibu mara elfu moja zaidi, nao ndio unaoushika usitutoroke. Utashindwaje kufika kilomita 400? Lau tungeweza kujenga mnara wa urefu huo, mtu wa kilo 60 akapanda hadi juu na mizani yake, mizani ingemsomea kama kilo 53. Asingeelea. Angesimama kama anavyosimama sebuleni, amepungua kidogo tu.

Wanaanga wanaelea kwa sababu wao na nyumba yao wanaanguka pamoja, kwa mwendo uleule. Hili mnaweza kulithibitisha leo hapo nyumbani. Chukueni chupa ya plastiki ya maji, itoboeni tundu dogo ubavuni, karibu na kitako, mwijaze maji na kuacha kizibo wazi. Maji yatachuruzika, maana uzito wa maji ya juu unayasukuma ya chini yatoke. Sasa kijana apande kwenye kiti, aiinue chupa juu kabisa, aiachie idondoke. Kwa ule muda mfupi chupa iko hewani, mchirizi unakatika. Maji bado yamo, tundu liko wazi, na mvutano wa dunia haujaenda popote. Kilichotokea ni kwamba chupa na maji vinaanguka sawia, kwa hiyo maji ya juu hayayakandamizi tena ya chini. Ndani ya kituo cha anga hali ndiyo hiyohiyo. Tofauti ni kwamba chupa yenu itafika chini kwa kitambo cha kufumba na kufumbua, na kituo hakifiki.

Kwa nini hakifiki? Fikiria mtu amesimama juu ya mlima Loleza, hapo juu ya jiji lenu, anarusha jiwe kuelekea mbele. Akirusha kidogo, litaangukia mteremkoni. Akirusha kwa nguvu zaidi, litakwenda mbali zaidi kabla ya kugusa ardhi. Sasa kumbuka kwamba dunia ni duara, na ardhi yake inajikunja kuelekea chini: kila unapokwenda kilomita 8 mbele, inakuwa imeshuka kama mita 5 chini ya mstari ulionyooka. Na kitu chochote kikiachiwa, katika sekunde yake ya kwanza kinaanguka karibu mita hizohizo 5. Basi kitu kinachokwenda kilomita 8 kwa sekunde kinaanguka mita 5, na ardhi nayo imekikwepa kwa mita 5. Sekunde inayofuata ni hivyohivyo. Kinaanguka mchana na usiku bila kuifikia ardhi. Wazo hili alilitoa Isaac Newton katika karne ya 17, akitumia mfano wa mzinga uliowekwa juu ya mlima mrefu, miaka mingi kabla mtu yeyote hajawa na roketi ya kulijaribu.

Kwa kilomita 400 juu, mwendo unaotakiwa ni pungufu kidogo, kama kilomita 7.7 kwa sekunde. Safari ya Iringa hadi Mbeya, ambayo kwa basi inakula sehemu kubwa ya siku, kituo kinaimaliza kwa muda usiofika dakika moja, na dunia nzima kinaizunguka kwa dakika kama 90. Hapa ndipo jibu la fundi lilipo. Injini haihitajiki kukishikilia juu. Ilihitajika mwanzoni, kukifikisha kwenye mwendo huo. Kule hewa ni haba mno, hakuna cha kukipunguza mwendo ila kidogo sana, kwa hiyo kinaendelea.

Huo "kidogo sana" usiupuuze, maana ndio unaompa Bibi haki yake. Hata kilomita 400 juu bado kuna mabaki membamba ya angahewa, nayo yanakikwaruza kituo na kukishusha kilomita moja au mbili kwa mwezi, wakati mwingine zaidi Jua linapochafuka na kuitunisha angahewa. Ndiyo maana kila baada ya muda vyombo vinavyopeleka mizigo huwasha injini zao kwa dakika kadhaa na kukisukuma kirudi juu. Wakiacha kufanya hivyo, kitashuka chenyewe. Sputnik, setilaiti ya kwanza, ilirushwa na Wasovieti tarehe 4 Oktoba 1957. Haikuwa na injini ya kujiinua, na kufikia Januari 1958 ilikuwa imeshashuka na kuungua.

Ukishalielewa hili, historia nzima ya safari za anga inakaa sawa kichwani. Watu wengi hudhani kazi kubwa ilikuwa kupanda. Kupanda hadi kwenye mzunguko kunachukua dakika nane au tisa hivi. Kilichowala watu miaka, na kuondoka na roho za baadhi yao, ni kujifunza kuanguka: kuanguka usifike, na siku ya kurudi, kuanguka ukafika mzima. Mwezi mmoja tu baada ya Sputnik, Wasovieti walimpeleka juu mbwa Laika huku wakijua hawana njia ya kumrudisha. Alifia huko. Mimi huwaeleza wanafunzi wangu jambo hilo bila kulipamba.

Yuri Gagarin alikuwa binadamu wa kwanza, tarehe 12 Aprili 1961. Aliizunguka dunia mara moja, na safari yake yote ilichukua dakika 108. Sasa msikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo hofu ya Bibi inapopata jibu. Roketi za kupunguza mwendo ziliwashwa akiwa karibu na pwani ya Angola. Akatua Urusi, karibu na mto Volga, kama kilomita 8,000 kutoka pale alipofunga breki. Kitu kilicho kwenye mzunguko hakijui kudondoka wima kama embe. Hata kikikatwa mwendo, bado kinakimbia kwa kasi kubwa ajabu, na kinakwenda maelfu ya kilomita huku kikishuka kidogo kidogo. Kwa hiyo chombo mnachokiona kikikatiza juu ya Uyole, hata kingeharibika palepale mbele ya macho yenu, vipande vyake visingeangukia Uyole. Kukimbilia ndani kinapopita hakumkingi mtu na chochote.

Bibi atapenda kusikia waliompokea Gagarin ni nani. Chombo chake hakikuweza kutua taratibu kiasi cha mtu kubaki ndani, kwa hiyo alirushwa nje akiwa kilomita 7 juu ya ardhi akashuka kwa parachuti yake mwenyewe, jambo ambalo serikali yake ililificha kwa miaka. Akatua mashambani, amevaa suti ya rangi ya chungwa na kofia nyeupe. Waliomwona kwanza walikuwa mama mmoja mkulima na mjukuu wake wa kike, waliokuwa kwenye shamba la viazi. Walishtuka, naye akawatuliza kwamba ni mwenzao, anatafuta simu.

Na sisi Watanzania tumo kwenye habari hizi kuliko tunavyofundishwa. John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, alipopaa tarehe 20 Februari 1962, alizungumza kwa redio na kituo kilichokuwa Tunguu, Unguja. Wakati ule hakukuwa na setilaiti za mawasiliano kama za leo, hivyo Marekani iliweka vituo vya kufuatilia chombo kuizunguka dunia, na kimoja kilikuwa Zanzibar. Kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Glenn alivuka pwani yetu na kuliona jua likizama juu ya Bahari ya Hindi, na baadaye siku hiyohiyo mitambo ikaonyesha kwamba ngao yake ya joto huenda imelegea. Alirudi hajui kama atapona. Ilikuwa taarifa ya uongo kutoka kwenye swichi yenye hitilafu.

Ngao ya joto nitamweleza fundi kwa lugha ya gereji. Watu husema chombo kinaungua kwa kusuguana na hewa. Msuguano upo, lakini sehemu kubwa ya joto inatokana na hewa kubanwa. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche: pistoni inaibana hewa mpaka inakuwa ya moto kiasi cha kuwasha mafuta. Chombo kinachorudi kinafanya hivyo kwa hewa iliyo mbele yake, ila kwa kasi ya kilomita saba na ushee kwa sekunde, na hewa hiyo inafikia maelfu ya nyuzi joto. Miaka ya mwanzo ya 1950 mhandisi wa Marekani, H. Julian Allen, aligundua jambo lililowashangaza wenzake: umbo butu linafaa kuliko lenye ncha, kwa sababu ubapa unaisukuma ile hewa ya moto ikae mbele kidogo badala ya kukilamba chombo. Ndiyo sababu vyombo vya wanaanga vinarudi vikitanguliza kitako kipana.

Wengine hawakufika. Vladimir Komarov alikufa tarehe 24 Aprili 1967 parachuti ilipogoma kufunguka sawasawa. Mwezi Juni 1971 Wasovieti watatu, Dobrovolsky, Volkov na Patsayev, walikuwa wanarudi kutoka Salyut 1, kituo cha kwanza cha anga duniani. Vali ndogo ikafunguka mapema, hewa ikatoka yote, na chombo kikatua salama kikiwa na maiti. Hawakuvaa suti za kulinda hewa, kwa sababu watatu wenye suti wasingeenea ndani. Tangu hapo wanaorudi kwa Soyuz, vyombo vya Warusi, huvaa suti. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha Marekani, Columbia, kilisambaratika juu ya Texas pamoja na watu wake saba, kwa sababu kipande cha povu gumu kilikuwa kimetoboa bawa lake siku ya kupaa, na hewa ya moto ikapenya humo. Kanuni za kila suti, kila vali na kila ukaguzi wa leo zimeandikwa na watu hawa. Namheshimu mno kijana anayetaka kazi hii akijua habari zao.

Kuhusu Mwezi nitasema machache, maana hukuuliza, ila fundi atauliza. Wamarekani 12 waliukanyaga kati ya Julai 1969 na Desemba 1972. Walirudi na kilo 382 za mawe na vumbi, ambavyo wanasayansi wa nchi nyingi wamevipima, na waliacha vioo ambavyo hadi leo vinarudisha miale ya leza inayorushwa kutoka duniani. Zaidi ya yote, Wasovieti walikuwa mahasimu wao na walikuwa na mitambo ya kufuatilia safari hizo. Wangekuwa wa kwanza kupiga kelele kama ingekuwa sinema.

Sasa turudi kwenye vinavyoanguka. Nisingependa umwambie Bibi kwamba haviwahi kufika chini. Vinafika. Skylab, kituo cha Marekani cha tani zaidi ya 70, kilishuka mapema kuliko walivyotarajia na vipande vyake vikaangukia Australia Magharibi tarehe 11 Julai 1979. Hakuna aliyeumia. Mji wa Esperance ukaiandikia NASA, shirika la anga la Marekani, faini ya dola 400 kwa kutupa takataka. Mwaka uliotangulia, setilaiti ya Wasovieti, Kosmos 954, ilianguka kaskazini mwa Kanada ikiwa na mtambo wa nyuklia, na hiyo ilikuwa hatari ya kweli. Habari mliyoisikia redioni nayo ni ya kweli: tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la anga la Kenya likasema ni sehemu ya roketi. Hakuna aliyeumia huko pia.

Kwa nini karibu kila mara hakuna anayeumia? Sehemu kubwa ya dunia ni bahari, na nchi kavu nyingi ni pori, jangwa na mashamba. Columbia ilimwaga makumi ya maelfu ya vipande juu ya majimbo yenye watu, na hakuna aliyekuwa chini aliyejeruhiwa. Mtu anayetajwa siku zote kuwa aliguswa na mabaki ya roketi ni mwanamke mmoja wa Tulsa, Marekani, mwaka 1997. Kipande chepesi kilimgusa begani, hakuumia. Radi, kwa upande mwingine, inaua watu nchini mwetu kila msimu wa mvua. Ukitaka kuzitumia hofu za Bibi vizuri, zielekeze huko: mawingu ya mvua yakianza kunguruma, hapo ndipo wajukuu waingie ndani.

Na kituo chenyewe hakitaachwa kishuke kiholela. Mpango uliopo ni kukishusha kwa makusudi karibu na mwaka 2030 au baada yake kidogo. Mwaka 2024 NASA iliipa kampuni ya SpaceX kazi ya kuunda chombo maalumu cha kukisukuma, ili mabaki yaangukie Pasifiki ya kusini, sehemu ya bahari iliyo mbali kuliko zote na nchi kavu, zaidi ya kilomita 2,600 kila upande. Si jambo geni. Mir, kituo cha Warusi cha tani kama 130, kilishushwa katika bahari hiyohiyo tarehe 23 Machi 2001. Kinachonipa wasiwasi mimi si vituo vyenye watu, ambavyo vinachungwa usiku na mchana. Ni hatua za roketi zilizotumika na kuachwa zishuke zenyewe, kama kile cha Makueni kinavyoelekea kuwa. Hilo linaweza kupunguzwa ikiwa wanaorusha watabakiza mafuta kidogo ya kuzielekeza baharini, na nchi zetu zina haki ya kulidai. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unasema wazi kwamba nchi iliyorusha ndiyo inayolipa madhara yakitokea ardhini, na kwa ile Kosmos Wasovieti waliilipa Kanada dola za Kanada milioni 3.

Kimondo cha Mbozi ni kitu cha aina nyingine kabisa. Hakikuwahi kuwa kwenye mzunguko wa dunia. Kilikuwa kikizunguka Jua, na kikaja kwa kasi ya zaidi ya kilomita 11 kwa sekunde. Tena si kitupu ndani kama chombo cha watu: ni chuma kizima, takriban asilimia 90 chuma na kilichobaki sehemu kubwa ni nikeli. Ukisimama kando yake pale Marengi utaona kina urefu wa mita kama 3 na kimekaa juu ya kiguzo cha udongo, kwa sababu kilikuwa kimefukiwa na watu wakachimba pembeni mwake. Pitisha kiganja juu yake. Kina mabonde na matuta laini yaliyoachwa na kuyeyuka kusiko sawa wakati wa kushuka, na upande wenye ncha kuna makovu ya watu waliojaribu kukata vipande, kazi iliyowatoa jasho. Hakuna simulizi ya wazee wa Mbozi inayosema nani alikiona kikianguka, jambo linaloonyesha kwamba ni cha zamani sana. Vitu vya ukubwa ule vinakuja mara chache mno. Wapelekeni wajukuu likizo, na Bibi awe wa kwanza kuingia kwenye gari.

Kwa jioni zenu, kituo kinaonekana kwa dakika chache tu kila kinapopita, baada ya jua kuzama au kabla ya kuchomoza, kikitokea upande wa magharibi kwenda mashariki. Hakina taa tunayoiona: ni mwanga wa Jua unaogonga mabawa yake ya sola, ndiyo maana mara nyingine kinazimika katikati ya anga, kimeingia kwenye kivuli cha dunia. Kikipepesa taa nyekundu na kijani, hiyo ni ndege. Ikiwa ni msururu wa taa nyingi zinazofuatana kama zimefungwa kwenye uzi, hizo ni setilaiti za Starlink zilizorushwa karibuni, hazina watu. Na kuna nyumba ya pili yenye watu, ya China, inaitwa Tiangong. Nayo hupita juu yenu.

Mambo mawili tu yanataka uchukue hatua. La kwanza, mkiona mwanga mkali usio wa kawaida angani mchana au usiku, msikimbilie dirishani. Mwaka 2013 kimondo kililipuka juu ya Chelyabinsk, Urusi, watu wakasogelea vioo kutazama, kisha wimbi la mlipuko likafika na kuvivunja. Karibu watu 1,500 walijeruhiwa, wengi kwa vipande vya vioo. La pili, ikitokea mtu akakuta chuma kigeni, tangi au mtungi umeanguka shambani, asikiguse, asikikalie kupiga picha, na asikipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Baadhi ya matangi ya roketi hubeba hidrazini, mafuta yenye sumu kali hata kwa kuvuta mvuke wake. Wazuieni watoto na mifugo, mwite mwenyekiti wa mtaa au kijiji na polisi, nao wataita wataalamu, wakiwemo Tume ya Nguvu za Atomi Tanzania kupima mionzi. Aliyekwisha kukigusa anawe kwa maji mengi na sabuni, na akihisi kizunguzungu, kikohozi au macho kuwasha, aende hospitali siku hiyohiyo na aeleze alichogusa.

Imebaki habari ya kijana, na hapa nitakuwa mkweli. Tanzania bado haijapeleka mwanaanga, na njia ya kuwa mmoja ni nyembamba hata kwa Wamarekani, ambako maelfu huomba na wachache huchukuliwa. Asiahidiwe kiti. Lakini wanaochukuliwa ni marubani, madaktari, wahandisi na wanasayansi, kwa hiyo barabara anayoitaka inapita kwenye kazi zenye maana hata akikomea katikati yake. Wakati wa kuchagua masomo asiiache fizikia wala hisabati, na Kiingereza akitilie mkazo. Zungumza ana kwa ana na mwalimu wake wa fizikia umuulize anavyomwona darasani. Mkipata nafasi, nendeni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya mkaulize kama wanaweza kumwonyesha maabara zao. Mtoto anayetoka nje kwenye baridi ya Uyole kuhesabu vyombo vya angani hahitaji kuelekezwa kwenye jambo la maana, ameshalipata. Anahitaji vitabu na mtu wa kumsahihisha.

Basi mimi namsahihisha hapa hapa. Asiandike kwenye mtihani wowote kwamba angani hakuna mvutano. Achukue nusu kipenyo cha dunia, mita 6,371,000, azidishe kwa 9.8, atafute kipeuo cha pili. Atapata karibu mita 7,900 kwa sekunde, mwendo wa kuanguka bila kufika ukiwa usawa wa ardhi kama hewa isingekuwepo. Kisha arudie kwa umbali wa kituo kutoka kitovu cha dunia, mita 6,771,000, na mvutano wa 8.69. Jibu likitoka karibu na 7,670, amwite fundi wakague hesabu pamoja.